Hofu ya mezani na hofu ya mtaani

Leo nakuletea habari ya michezo. Si mpira, si bao, wala si karata. Ni michezo ya hadithi za kutisha, inayochezwa mezani na watu wazima wenye kazi na watoto wao, ambao hukaa saa tatu au nne za usiku wakitishana kwa hiari yao. Na si hivyo tu, bali hutoa fedha mfukoni kununua vitabu vya kuwafundisha namna ya kutishana.

Ukisikia hivyo utauliza: kwani dunia hii ina upungufu wa vitisho, mpaka mtu akanunue vingine dukani? Na mzazi mcha Mungu ataongeza lake: je, kuchezea habari za majini na mizimu si kuyaita? Maswali hayo mawili ni ya haki, nami sitayakimbia. Lakini kwanza tuijue michezo yenyewe, kwa sababu usilolijua ni kama usiku wa giza, na gizani kila kichaka ni simba.

Mwanzo wake ni huu. Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Kabla yao walikuwapo watu waliopenda kupigana vita vya mezani kwa sanamu ndogo za askari. Wawili hawa wakabadili jambo moja tu. Badala ya mchezaji kuongoza jeshi zima, aongoze mtu mmoja, mwenye jina lake, nguvu zake na udhaifu wake. Mtu huyo akawa mhusika wa hadithi, na mchezaji akawa ndiye anayemsemea na kumwamulia.

Namna ya kucheza si ngumu. Wanakaa watu wanne au watano, mmoja wao akiwa msimulizi. Msimulizi anasema: "Mmefika kwenye nyumba ya zamani kando ya mto. Mlango u wazi. Ndani mnasikia mtoto analia, lakini mwenyeji wenu alikwisha kuwaambia kwamba nyumba hii haijakaliwa na mtu kwa miaka ishirini. Mnafanyaje?" Mmoja atasema, naingia. Mwingine atasema, mimi nabaki nje nalinda njia. Wa tatu atataka kumrudia mwenyeji akamhoji vizuri. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu au litashindikana, hurushwa dadu, kama zile za ludo, na nukta zake ndizo zinazoamua. Hadithi inasonga mbele hivyo, na hakuna ajuaye mwisho wake, hata msimulizi mwenyewe.

Sisi tuliolelewa na ngano za jioni hatupaswi kuona ajabu. Bibi alisema "Hadithi, hadithi," tukajibu "Hadithi njoo," kisha tukanyamaza kusikiliza zimwi likila watu. Tofauti ni kwamba hapa wasikilizaji hawanyamazi. Wanaingia ndani ya ngano na kuulizwa: zimwi linakuja, wewe unakimbilia wapi?

Sasa, michezo ya kutisha ya aina hii ni mingi, na kila mmoja una wapenzi wake wanaoapa kwamba ndio bora. Mgeni atachaguaje? Wauzaji watamsifia michoro ya kitabu na wingi wa madubwana yaliyomo. Mimi nashauri kipimo kingine. Kila mchezo uulize swali hili: wewe unaninyang'anya nini? Maana hofu si kuona sura mbaya. Mtu anayeogopa mwizi haogopi uso wa mwizi. Anaogopa kwamba kilichomo ndani ya nyumba kitatoka. Mchezo unaojua kutisha ni ule ulioamua mapema ni kitu gani kitatoka, ukatunga kanuni za kukitoa kidogo kidogo, mchezaji akiona kwa macho yake.

Tuanze na mkongwe wao, Call of Cthulhu, yaani Mwito wa Cthulhu. Ulitungwa na Sandy Petersen na kutolewa mwaka 1981 na kampuni ya Chaosium ya Marekani. Msingi wake ni hadithi za H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyefariki mwaka 1937, ambaye aliandika juu ya viumbe wa kale na wakubwa mno, wasiompenda binadamu wala kumchukia, bali wanampita kama tembo anavyopita juu ya siafu. Wachezaji ni watu wa kawaida: mwandishi wa habari, daktari, mwalimu wa chuo kikuu, polisi mstaafu. Mara nyingi wanaishi katika miaka ya 1920, nao wanachunguza kisa cha ajabu.

Kitu kinachonyang'anywa hapa ni akili. Kila mhusika ana hesabu ya utimamu wa akili iliyoandikwa kwenye karatasi yake, na hesabu hiyo haizidi 99. Akiona maiti, inapungua kidogo. Akiona kitu ambacho hakipaswi kuwapo duniani, inapungua sana. Lakini kuna kanuni moja ambayo ndiyo iliyoupa mchezo huu sifa yake. Mhusika akipata mshtuko mkubwa kwa mara moja, hurusha dadu kupima kama ameelewa alichokiona. Asipoelewa, amepona. Akielewa, hapo ndipo anaporukwa na akili. Vivyo hivyo na vitabu vya siri: ukivisoma unapata ujuzi wa kupambana na viumbe hao, lakini kila unapozidi kujua, kile kiwango cha juu cha utimamu wako kinashuka, wala hakipandi tena. Kwa hiyo mchezaji anajikuta njia panda. Ili ashinde lazima ajue, na kujua ndiko kunakommaliza.

Mchezo huu una uhusiano na Afrika Mashariki ambao wengi hawaujui. Mwaka 1984 Chaosium walitoa mkasa mrefu uitwao Masks of Nyarlathotep. Wachezaji wanaanzia New York mwaka 1925, wanapita London na Cairo, kisha wanafika Nairobi, wakifuatilia habari za msafara wa Wamarekani ulioangamia Kenya. Na walioangamiza ni nani? Ni kikundi cha siri cha waabudu, cha huko huko Kenya. Basi kijana wa Nairobi anayeucheza mkasa huo anakutana na nchi yake mwenyewe ikiwa pango la zimwi la mtu mwingine. Wala si bahati mbaya. Lovecraft alikuwa na chuki ya wazi kwa watu weusi na kwa wageni, na chuki hiyo imo katika baadhi ya hadithi zake. Wapo waliolijibu jambo hilo kwa kutumia mchezo huo huo. Mwaka 2017 kilitoka kitabu Harlem Unbound cha Chris Spivey, ambamo wachunguzi ni watu weusi wa Harlem, New York, katika miaka hiyo ya 1920, nao wanapambana na madubwana huku wakipambana na ubaguzi. Liweke jambo hili akilini, msikilizaji, tutalirudia.

Mtoto wa mkongwe huyu ni Delta Green. Ulianza mwaka 1997 kama kitabu cha nyongeza cha Call of Cthulhu, na mwaka 2016 ukaanza kujitegemea kwa vitabu vyake. Hapa wachezaji ni maofisa wa serikali ya Marekani waliomo katika kundi la siri linalofukia mambo ya ghaibu ili wananchi wasiyajue. Akili inapungua vile vile, lakini mchezo huu umeongeza mlango wa pili. Kwenye karatasi ya kila ofisa yameandikwa majina ya watu wake: mke au mume, mtoto, rafiki wa zamani. Kila uhusiano una hesabu yake. Ofisa akipata mshtuko, anaruhusiwa kuupunguza makali kwa kuuelekeza kwenye uhusiano mmojawapo. Akili yake inasalimika, lakini hesabu ya mkewe inashuka. Na kati ya kazi moja na nyingine, wachezaji huigiza maisha ya nyumbani: baba amerudi, hasemi, chakula kinapoa mezani, mtoto anauliza swali na hajibiwi.

Msikilizaji, hili si jambo la ghaibu hata kidogo. Polisi, askari, muuguzi wa wodi ya majeruhi, dereva aliyenusurika ajali, wote wanaijua njia hiyo ya kuyaokoa maisha kazini na kuyalipia nyumbani. Delta Green unanyang'anya familia, na unakufanya wewe mwenyewe utie sahihi. Ndiyo maana ni mchezo wa watu wazima, wala simshauri mtu auanze nao.

Wa tatu ni Vampire: The Masquerade, uliotungwa na Mark Rein-Hagen na kutolewa na kampuni ya White Wolf mwaka 1991. Wazee wa pwani, na wa Nairobi pia, wanazo habari za mumiani. Zama za ukoloni ilivumishwa kwamba wako watu, mara nyingi wakitajwa wazimamoto, wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mumiani siku zote alikuwa mtu mwingine, mwenye gari, mwenye serikali nyuma yake. Mchezo huu umegeuza kiti. Mumiani ni wewe. Umefanywa mnyonya damu pasipo kuombwa ridhaa, unaishi mjini kwa siri miongoni mwa wanyonya damu wenzako wenye fitina na vyeo, na kila usiku njaa inakuuma.

Hapa kinachonyang'anywa ni utu. Kila mhusika ana kiwango cha utu kinachoishia kumi kwa juu. Akiua, akisaliti, akizoea, kinashuka. Kikifika sifuri, mchezaji anampoteza mhusika wake, kwa sababu aliyebaki ni mnyama tu. Katika toleo la tano, lililotoka mwaka 2018, njaa imepewa dadu zake zenye rangi ya peke yake. Kadiri mnyonya damu anavyokaa bila kula, dadu za kawaida huondolewa mkononi mwake na kuwekwa za njaa, hadi tano. Zikianguka vibaya, mhusika anatenda jambo ambalo mchezaji hakulitaka. Ni mchezo wa siasa na majuto kuliko wa kushtukiza. Anayetaka kupiga mayowe atauona mzito, lakini anayetaka kujiuliza ni lini mtu mwema anaacha kuwa mwema, hapa ndipo pake.

Mitatu hiyo inahitaji vitabu vinene na majuma ya kucheza. Sasa tuje kwenye miwili ambayo huisha kwa jioni moja.

Wa kwanza unaitwa Dread, jina lenye maana ya hofu kuu. Ulitoka mwaka 2005. Hauna dadu hata moja. Katikati ya meza kuna mnara wa vipande vya mbao, ule ule wa mchezo wa Jenga. Naam, neno letu. Jenga ni kazi ya Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika, anayekijua Kiswahili, ambaye alichukua neno kujenga akalifanya jina la mchezo wake alipouonyesha London mwaka 1983. Vipande ni 54, vitatu kila ghorofa, ghorofa 18. Katika Dread, mhusika akitaka kufanya jambo la hatari, kama kufungua mlango uliokwama huku nyuma kuna vishindo, mchezaji huchomoa kipande kimoja na kukiweka juu. Mnara ukisimama, amefaulu. Mnara ukianguka mikononi mwake, mhusika wake ametoka katika hadithi. Mara nyingi amekufa.

Angalia ufundi wa kanuni hiyo. Katika michezo mingine, mhusika anaogopa na mchezaji anakunywa soda. Hapa mkono unaotetemeka ni wa mchezaji mwenyewe. Mwanzoni mnara ni imara na watu wanacheka. Baada ya saa mbili umejaa matundu, unayumba mtu akipita tu, na sauti zinashuka zenyewe bila mtu kuamrishwa anyamaze. Mchezaji anaruhusiwa kukataa kuchomoa, lakini jambo alilolitaka litashindikana. Anaruhusiwa pia kuuangusha mnara kwa makusudi: mhusika wake anakufa, lakini lile alilokusudia, tuseme kuwaokoa wenzake, linatimia. Dread unanyang'anya utulivu wa mwili, na kwa mgeni ndio mwepesi kuliko yote. Wahusika wenyewe hutungwa kwa maswali tu. Msimulizi anakupa karatasi inayouliza: "Kwa nini uliacha kuzungumza na ndugu yako?" Ukijibu maswali kumi kama hayo, mtu amezaliwa.

Wa pili ni Ten Candles, mishumaa kumi, wa Stephen Dewey, uliotoka mwaka 2015. Huchezwa gizani, na taa yenu ni mishumaa kumi midogo mezani. Jua limetoweka duniani, kuna viumbe gizani, na wahusika ni watu wachache waliosalia. Kabla hawajaanza, wachezaji hupewa habari moja ya wazi: wahusika wote watakufa. Hakuna atakayenusurika. Kila dadu zinapokataa, mshumaa mmoja unazimwa na dadu za wachezaji zinapungua, huku za msimulizi zikiongezeka. Upepo ukizima mshumaa, nao unahesabiwa. Tabia za wahusika zimeandikwa kwenye vikaratasi, na mchezaji anayetaka kurudia baadhi ya dadu zilizomwangusha huchoma kikaratasi kimoja kwa moto wa mshumaa. Mwanzoni kila mmoja alirekodi kwa sauti ujumbe wa mwisho wa mhusika wake. Mshumaa wa kumi ukizimika na wote wakishakufa, wachezaji hukaa gizani na kusikiliza sauti hizo.

Utasema, kuna raha gani kucheza mchezo ambao umekwisha kushindwa? Lakini wote waliozaliwa wamo katika mchezo huo. Ten Candles unanyang'anya tumaini la kupona, na baada ya hapo unauliza: kwa hiyo utafanya nini na muda uliobaki? Wachezaji wake hukuta wahusika wanasameheana, wanagawana chakula, wanaimba. Hofu ikiondolewa mlango wa kutokea, mara nyingine hugeuka kuwa huruma.

Wa mwisho nitakaoutaja ni Vaesen, wa Sweden, uliotolewa mwaka 2020 na kuandikwa na Nils Hintze kwa kufuata kitabu cha michoro cha Johan Egerkrans. Mahali ni nchi za Skandinavia katika karne ya 19. Viwanda vinafunguliwa, reli inajengwa, watu wanahamia mijini, na viumbe wa ghaibu walioishi karibu na binadamu tangu zamani wamekasirika au wamechanganyikiwa. Yuko kiumbe mdogo anayelinda zizi na kutaka uji wake. Uko mzimu wa mtoto mchanga aliyefichwa bila kuzikwa, anayelia mpaka apate kaburi.

Hapa huwezi kushinda kwa bunduki. Viumbe wengi hawaondoki kwa risasi. Inabidi wachezaji wahoji wanakijiji, wasome kumbukumbu za kanisa, wajue ni ahadi gani ilivunjwa na nani, ndipo wapate njia ya kumtuliza au kumfukuza kiumbe. Na karibu kila mara wanagundua kwamba kosa la kwanza lilifanywa na binadamu. Vaesen unakunyang'anya haki ya kujiona huna hatia. Kati ya michezo yote niliyoitaja, huu ndio ambao mzee wa kwetu angeuelewa upesi. Yeye hajawahi kufundishwa kwamba mzimu hupigwa risasi. Amefundishwa kuuliza: nani kaudhiwa?

Sasa nirudi kwenye yale maswali mawili. La mzazi kwanza. Wamarekani waliliuliza kabla yetu. Katika miaka ya 1980 makundi ya wazazi na wahubiri yalidai kwamba Dungeons & Dragons unafundisha vijana uchawi na kuwasukuma wajiue, na mwaka 1983 kikaundwa hata chama cha kuupinga. Madai hayo hayakupata ushahidi, na kelele zikafifia. Katika michezo hii hakuna anayeomba wala kutambika. Mchezaji wa Vampire hanywi damu kama vile mwigizaji wa jukwaani anayechomwa kisu asivyokufa. Lakini mtu ambaye dini yake au dhamiri yake inamwambia asikae meza hiyo, asikae, wala asichekwe. Na aliyetoka kuzika juzi asilazimishwe kucheza hadithi ya kaburi. Wachezaji waangalifu wana desturi nzuri. Kabla ya kuanza hukubaliana mambo ambayo hayataingia kabisa katika hadithi. Wengine huweka mezani kadi yenye alama ya X. Mtu yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linaachwa, na haulizwi sababu.

Swali la pili: vitisho havitoshi? Vinatosha na kuzidi. Lakini tazama tofauti. Mwaka 1995 Pemba, na baadaye Unguja, ziliingiwa na hofu ya popobawa. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi. Hofu ilipofika mjini Zanzibar, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani kwamba ndiye popobawa. Na sote tunajua habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wa maisha yao yote.

Hiyo nayo ilikuwa hadithi ya kutisha, msikilizaji. Lakini ilikuwa hadithi isiyo na msimulizi wa kumuuliza, maana kila mtu alisema kaambiwa na mwingine. Haikuwa na kanuni, kwa hiyo ushahidi wowote ulifaa. Haikuwa na kadi ya kuigusa ikaachwa. Na haikuwa na mwisho uliopangwa, kwa hiyo ilijitafutia mwisho, ikaupata katika mwili wa mtu asiye na wa kumtetea. Hofu ya mezani inakunyang'anya akili, familia, utu au tumaini kwa saa tatu, kwenye karatasi, kisha taa zinawashwa na unarudishiwa vyote. Hofu ya mtaani hairudishi. Mtu aliyezoea kuuliza mezani, "Hili tumelijuaje? Nani kaliona? Nani anafaidika tukiamini?" huenda akapata ulimi wa kuuliza hivyo siku mtaa utakapoanza kukusanya mawe.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni mfupi. Kama hamjawahi kucheza, tafuteni mnara wa Jenga na mwanze na Dread. Kama mnataka jioni moja ya uzito, Ten Candles, na ndoo ya maji iwe karibu kwa sababu ya moto. Kwa majuma kadhaa ya upelelezi, chagueni kati ya Call of Cthulhu, ambao kampuni yake hutoa mwongozo mfupi wa bure kwa njia ya intaneti, na Vaesen. Delta Green na Vampire viachieni kundi linaloaminiana.

Na vijana wetu watakaotunga michezo yao kwa hadithi za kwetu, maana watatunga tu, nawaomba jambo moja. Kumbukeni Nairobi ya wale waandishi wa mwaka 1984, na mjiulize kabla hamjaandika: katika kiti cha zimwi nimemkalisha nani? Kama ni jini la mbuyuni, haya. Kama ni mumiani mwenye gari, haya. Lakini kama ni bibi kizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, futeni mwanze upya. Yeye anaishi kweli, na hana kadi ya kugusa.

Kwa leo naishia hapo, msikilizaji. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.